Profesa Aliyebisha Milango ya Kibera

Agosti 2021, Waziri wa Elimu wa Kenya aliingia Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kutafuta watoto. Siku hiyo hapakuwa na utepe wa kukata wala jiwe la msingi la kuweka. Alikuja na machifu na maafisa wa elimu, wakapita vichochoroni nyumba hadi nyumba wakiuliza swali moja: nani hapa alifanya mtihani wa darasa la nane, akapata barua ya kuitwa shule, na mpaka sasa yuko nyumbani? Profesa George Albert Omore Magoha alikuwa na miaka 69. Alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, amekuwa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka kumi, ameongoza Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na sasa alikuwa anapita kando ya mitaro ya majitaka akiulizia wanafunzi wa kidato cha kwanza.

Watoto aliokuwa akiwatafuta walikuwa wamepitia mengi. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mtihani wao wa KCPE, uliokuwa ufanywe mwisho wa mwaka huo, ukasogezwa hadi Machi 2021, na kidato cha kwanza kikaanza Agosti. Katika miezi hiyo vibarua vilikauka. Mjengo ulisimama. Mama aliyezoea kupanda kutoka Kibera au Kawangware kwenda kufua nguo katika nyumba za Kilimani na Lavington akaambiwa asije kwanza. Kwa hiyo barua ya shule ilipofika, ilifika kwenye chumba cha mabati ambacho kodi yake ilikuwa imeshalala miezi kadhaa, ikiwa na orodha yake ndefu: godoro, sanduku la chuma, blanketi, sare, viatu vya ngozi, kamusi, karo ya muhula.

Ni wachache, miongoni mwa waliowahi kukalia kiti cha elimu katika Jogoo House, makao makuu ya wizara, waliokwenda kumtafuta mtoto wa namna hiyo kwa miguu yao wenyewe. Kwa hilo Magoha anastahili heshima isiyo na masharti. Lakini kazi yake ndefu, kuanzia wodi za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hadi vichochoro vya Kibera, inaonyesha pia mahali ambapo bidii ya mtu mmoja hufika mwisho, na mwisho huo una jina ambalo wizara haipendi kulitaja: ardhi ya shule.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1952. Alisoma shule ya msingi Yala na pia Dr Livingstone jijini Nairobi, akaenda St Mary's Yala, kisha Strathmore kwa masomo ya kidato cha tano na sita. Udaktari aliusomea Chuo Kikuu cha Lagos, Nigeria, nchi iliyompa taaluma na mke, Dkt. Barbara, naye daktari. Alijifunza upasuaji Ibadan, akaendelea Dublin na London, akabobea katika magonjwa ya mfumo wa mkojo. Mwaka 1988 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitivo cha udaktari kiko pale pale Kenyatta, na ukitoka hospitalini ukavuka Barabara ya Mbagathi, huendi mbali kabla ya kuyaona mabati ya Kibera. Mafundi, mama mboga na walinzi wa mitaa hiyo ndio hospitali hiyo imekuwa ikiwatibu miaka yote. Aliwajua kama wagonjwa muda mrefu kabla ya kuwajua kama wazazi.

Mwaka 2000 akawa profesa kamili. Januari 2005 akapewa uongozi wa chuo kizima, baada ya nafasi kutangazwa na watu kusailiwa. Kwa Mkenya aliyekulia katika enzi ambayo wakuu wa vyuo vya umma waliteuliwa na Ikulu, hatua hiyo ilikuwa na uzito wake.

Miaka yake kumi pale juu inakumbukwa kwa jengo. Mnara wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ghorofa 22, unaonekana vizuri kwa anayeingia katikati ya jiji, na wengi huuita kazi ya mikono ya Magoha. Aliupenda mno hata kitabu alichoandika kuhusu maisha yake kilibeba neno mnara katika jina lake. Yapo mengine: nidhamu katika fedha, ulipaji wa madeni, chuo kuanza kutajwa katika orodha za ubora za dunia. Hata hivyo mjadala wa dhati kuhusu kipindi chake unapaswa kuanzia kwenye kile kilichokilisha chuo, yaani Module II, mpango ulioanza mwaka 1998 wa kuwapokea waliofaulu lakini hawakupata nafasi ya serikali, wakajilipia gharama yote wenyewe.

Mpango huo uliwafungulia Wakenya wengi mlango, na bila fedha zake madarasa mengi ya umma yangebaki magofu. Ila mlango huo ulikuwa na bei. Mtoto wa Gatina, Kawangware, au Lindi, Kibera, aliyepata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, hakuweza kuulipia. Wa Lavington aliyepata C+ hiyo hiyo aliweza. Wakalia meza mbili tofauti wakiwa na alama sawa. Magoha hakuubuni utaratibu huo, na haitakuwa haki kumbebesha peke yake. Aliukuta, akausimamia vizuri, chuo kikanawiri.

Kisha ikaja zamu yake katika mitihani, na hapo ndipo alipomfanyia mtoto wa mtaa wa mabanda jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa mwaka 2015 ulikuwa aibu ya taifa. Karatasi zilizunguka kwenye simu kabla ya asubuhi ya mtihani, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya KNEC na kumweka Magoha mwenyekiti. Kilichofuata kilikuwa kazi ya daktari wa upasuaji: kata, safisha, shona. Karatasi zikafungiwa ndani ya makontena chini ya ulinzi, zikawa zinachukuliwa kila asubuhi ya mtihani. Mwalimu mkuu akabebeshwa mzigo wa kituo chake kwa jina lake mwenyewe. Siku za wazazi na sherehe za maombi zikaondolewa muhula wa tatu. Matokeo yalipotangazwa mwisho wa Desemba 2016, gredi za A nchi nzima zilikuwa 141. Mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 2,600.

Watu walishtuka, wengine wakalia. Lakini hebu fikiria nani alikuwa akinunua mitihani ile. Karatasi iliyovuja ilikuwa bidhaa, na bidhaa humfikia mwenye pesa. Mtoto aliyesoma kwa taa ya koroboi Laini Saba, Kibera, katika shule isiyo na maabara, alikuwa akishindanishwa na mtu aliyelipia majibu. Kontena lililofungwa kwa kufuli lilimrudisha mtoto huyo kwenye mashindano. Hakuna basari wala hotuba ya Siku ya Madaraka iliyowahi kumtendea haki kama kufuli lile.

Jambo hilo lilikuwa na athari nyingine ambayo haizungumzwi inavyostahili. Mwaka 2015 waliopata C+ na kuendelea walikuwa 169,492. Mwaka 2016 walishuka hadi 88,929, na 2017 wakawa 70,073. Serikali sasa ikawa na nafasi za kumtosha kila aliyefaulu, na kundi la wanaojilipia likayeyuka. Vyuo vya umma vilivyozoea fedha za Module II, cha Nairobi kikiwemo, vikaanza kuyumba. Mtu aliyekilea chuo kwa fedha hizo ndiye aliyesaidia kuukausha mto wake, kwa sababu alikataa kuuvumilia uongo uliokuwa ukiulisha. Alijua gharama yake kuliko mtu yeyote nchini, na bado alilifanya. Katika maisha ya utumishi wa umma hilo ni tendo la ushujaa.

Machi 2019 akaapishwa kuwa Waziri wa Elimu. Kabla miezi sita haijatimia, ikaja asubuhi ya Ng'ando.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 23 Septemba 2019. Watoto wa shule ya Precious Talent, huko Ng'ando, Dagoretti, mwendo mfupi kutoka Kawangware, walikuwa wameshaingia darasani. Darasa la juu, lililojengwa kwa mbao na mabati na sakafu ya zege, likaporomoka juu ya la chini. Wanafunzi wanane walikufa, makumi wakajeruhiwa. Wazazi waliokuwa wametoka tu kuwaacha watoto langoni walirudi wakichimbua kifusi kwa mikono.

Waziri alifika. Aliagiza shule ifungwe, watoto wahamishiwe shule za umma za jirani, na shule nyingine zikaguliwe. Mtu hawezi kumlaumu kwa amri hiyo. Jengo la aina ile halikupaswa kukaliwa na kuku, seuze watoto. Lakini swali ambalo wazazi wa Ng'ando walilijua na wizara ikalipita upesi ni hili: kwa nini watoto hao hawakuwa katika shule ya umma tangu mwanzo?

Jibu lake ni la miaka mingi. Mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, mtafiti James Tooley na wenzake walihesabu shule za binafsi ndani ya Kibera. Walikuta 76, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Shule za msingi za serikali walizozitaja zilikuwa tano, nazo zilikuwa zimepakana na Kibera, zimeizunguka kwa nje. Olympic, iliyokuwa ikisifika kwa matokeo mazuri, ilifurika watoto mara tu elimu ilipotangazwa kuwa ya bure, na baadhi ya wazazi wakawarudisha watoto wao katika shule za mabati walikotoka, kwa sababu angalau pale mwalimu aliweza kumwita mtoto kwa jina. Upande wa Kawangware hali ni ile ile. Shule za umma kama Gatina, Kawangware na Riruta Satellite zipo, zina walimu waliofuzu na viwanja vinavyoonekana. Ila hazikujengwa kwa ajili ya umati unaoishi leo kati ya sehemu za Kawangware ziitwazo 46 na Congo.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na shule za mtaani, zile ambazo lugha ya wizara huziita APBET, yaani utoaji mbadala wa elimu ya msingi na mafunzo. Huanzishwa na mwalimu aliyekosa ajira, kanisa, kikundi cha akina mama, wakati mwingine mfanyabiashara anayetafuta riziki. Karo hulipwa kwa wiki, au kwa siku, pamoja na uji. Mama anayeuza sukumawiki alfajiri anaweza kumwacha mtoto hapo saa kumi na mbili na kumchukua jioni, na hakuna barabara kuu ya kuvuka. Shule hizi zinabeba kazi ya serikali bila ardhi ya serikali. Nyingi zimekaa kwenye vipande visivyo na hati, na mtu asiye na hati hajengi kwa mawe kwa sababu hajui tingatinga litafika lini. Anajenga kwa mbao. Watoto wakiongezeka, anapandisha ghorofa ya mbao juu ya ile ya kwanza.

Kibera inaijua hofu hiyo kwa karne nzima. Wanubi, wazao wa askari wa kikosi cha King's African Rifles waliowekwa pale na Waingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini, walingoja hadi Juni 2017 kupewa hati ya ekari 288. Wengine wengi wanaishi kwa ruhusa isiyoandikwa. Julai 2018 serikali ilipotaka barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, tingatinga zilipita katikati ya mtaa, na miongoni mwa vilivyobomolewa palikuwamo shule. Leo, Soweto Mashariki, mradi wa nyumba za bei nafuu unajenga nyumba zaidi ya 4,000. Kwa hiyo ardhi hupatikana Kibera pale serikali inapoitaka kwa moyo wote. Imepatikana kwa magari, imepatikana kwa ghorofa za makazi.

Hapa ndipo tabia ya Magoha inapogusa hoja. Alikuwa mtu wa nidhamu hadi ndani ya mifupa, na aliamini kuwa mambo mengi huharibika kwa sababu kuna mtu mvivu mahali fulani. Imani hiyo ilimfaa kwenye mitihani, kwa kuwa pale kweli palikuwa na wezi. Penginepo ilimpotosha. Mwaka 2020, katika shule ya msingi ya Langas mjini Eldoret, alimtolea afisa wa elimu matusi mbele ya kamera kwa sababu ya takataka uwanjani. Kenya nzima ilisikia, na Tume ya Utumishi wa Umma ikamwondolea mamlaka juu ya wafanyakazi wa wizara. Wanafunzi walipowashambulia walimu, alipendekeza viboko virudi, ingawa Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya mwili. Waliofanya kazi naye wanasema alikuwa mwepesi wa kusaidia kuliko alivyoonekana, na hakuna sababu ya kuwakatalia. Lakini ukali wa kiongozi hushuka ngazi. Ukifika kwa chifu, unakuwa agizo la kumkamata mzazi.

Sera ya kila mtoto wa darasa la nane kuingia kidato cha kwanza ilianza kabla yake, mwaka 2018. Yeye aliifanya yake. Alipokuwa Kibera Agosti ile, msako ulitegemea dhana kwamba mtoto amekaa nyumbani kwa kuwa mtu fulani amezembea. Wazembe huenda walikuwepo. Walio wengi walikuwa wamepiga hesabu. Kiwango cha serikali kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na shule ya kutwa kwa maandishi ilikuwa bure. Mzazi alibaki na chakula cha mchana, sare na nauli. Shule ya bweni ya kitaifa ilikuwa ikitoza 53,554, ikashushwa hadi 45,054 mwaka huo wa 2021 kwa kuwa kalenda ilibanwa, na punguzo hilo lilikuwa la maana. Bado, kwa mama anayefua nguo, hizo ni siku nyingi mno za kufua. Na shule ya kutwa iliyo karibu, ambayo angeimudu, ndiyo ile ambayo haikujengwa.

Ufadhili ulisaidia baadhi. Mpango wa Elimu, uliolenga watoto wa kaunti ndogo 110 na wa mitaa ya mabanda mijini, uliwachukua wenye alama 280 na zaidi katika KCPE. Aliyepata 250 alibaki mikononi mwa chifu.

Serikali ilipoamua kujenga madarasa 10,000 ya mtaala mpya, CBC, Magoha alizunguka nchi nzima akiyakagua kama mkandarasi, akigonga kuta na kupima madirisha. Yalijengwa haraka na kwa bei iliyodhibitiwa. Yalijengwa pia ndani ya shule za sekondari zilizokuwepo, maana yake penye shule paliongezwa, na pasipo shule hapakuongezwa kitu. Mwishoni mwa 2022 serikali mpya ikaamua sekondari ya chini ikae katika shule za msingi. Kwa wazazi wa Kibera na Kawangware uamuzi huo ulimaanisha kwamba Olympic, Ayany au Gatina, ambazo tayari zilikuwa zimejaa, zingebeba pia madarasa matatu ya sekondari ya chini.

Alikabidhi ofisi kwa Ezekiel Machogu Oktoba 2022, na mwanzoni mwa 2023 akarudi kwenye kazi ya kufundisha, Chuo Kikuu cha Maseno. Hakukaa. Tarehe 24 Januari 2023 moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake Lavington, mtaa unaopakana na Kawangware kwa ukuta na barabara. Alizikwa Umiru, Gem, tarehe 11 Februari. Wiki zile zile, watoto wa kwanza wa gredi ya saba walikuwa wanaingia madarasani nchini kote.

Kundi hilo hilo sasa limefika sekondari ya juu, na machifu wameendelea kutumwa mitaani kutafuta watoto kama alivyofanya Magoha. Waendelee, mtoto aliyeachwa nyumbani anahitaji mtu wa kubisha mlango. Lakini Waziri Julius Migos Ogamba, aliyekalia kiti hicho tangu Agosti 2024, ana nafasi ya kufanya lile ambalo Magoha hakulifikia. Na awatangazie wazazi wa Laini Saba, Lindi, Gatina na Ng'ando, kata kwa kata, shule ya umma ambamo kila mtoto wao amewekewa dawati. Mahali ambapo shule hiyo haipo, awaonyeshe kiwanja kilichotengwa na mwaka ambao ujenzi utaanza. Na katika ramani za nyumba mpya za Soweto Mashariki, kabla wapangaji hawajapewa funguo, shule ya umma ichorwe na ijengwe.